Mbegu Yako Imetoka Wapi?

Kila tukikutana na vikundi vya huku Kariandusi, Elementaita na Gilgil kuna swali halikosi kutokea, hasa mazungumzo yakifika kwenye mahindi. "Hawa watu wa utafiti tunawasikia kwa redio tu. Kwani kazi yao ni gani, na sisi inatufikia wapi?" Ni swali la haki, na jibu lake haliishi kwa dakika mbili.

Fikirini hivi. Ukisimama kando ya barabara kuu hapa Kariandusi, uko katikati ya vituo viwili vya utafiti ambavyo wataalamu wa nchi nyingi wanavijua. Panda matatu ya kwenda Nakuru, uunganishe nyingine, utafika Njoro kwenye kituo cha ngano. Panda ya upande wa Nairobi, utashuka Naivasha, penye kituo cha ng'ombe wa maziwa na shamba moja la ajabu ambamo mahindi huambukizwa ugonjwa makusudi. Watu wametoka Ethiopia, India na Mexico kuja kuangalia kazi ya vituo hivyo. Sisi majirani wengi wetu hatujawahi hata kupita geti. Na wageni wanaosimama Kariandusi huja kuangalia mashoka ya mawe ambayo Louis Leakey alianza kuyachimbua mwishoni mwa miaka ya 1920, halafu wanaendelea na safari yao.

Kwa hivyo katika toleo hili tumeona tueleze historia ya utafiti huu, na hasa jambo moja ambalo halisemwi mara nyingi: haukuwahi kuwa wa Kenya peke yake. Tangu mwanzo ulikuwa wa Afrika Mashariki nzima. Ulipokatwa vipandevipande, mkulima aliumia, hata kama hakujua aliyemuumiza.

Mwanzo wake Amani

Katika milima ya Usambara, Tanzania, kuna mahali panaitwa Amani. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti pale mwaka 1902. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaingia mikononi mwa Waingereza, na kuanzia miaka ya 1920 kikafanywa kituo cha kuhudumia nchi zote walizotawala huku kwetu, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Tuseme ukweli. Kituo hicho hakikujengwa kwa ajili ya mama mwenye nusu ekari. Kilijengwa kwa ajili ya mazao ya kuuza ng'ambo: kahawa, mkonge, mpira, kwinini. Wazee wetu waliingia huko kama vibarua wa kulima na kumwagilia. Lakini kulikuwa na zao moja la mwafrika ambalo liliwalazimisha watawala kuangalia, maana likikosekana njaa inaingia. Zao hilo ni muhogo.

Muhogo ulikuwa unashikwa na ugonjwa wa batobato. Majani yanajikunja, yanapata madoa ya manjano, mizizi inabaki myembamba kama kidole. Mtaalamu mmoja wa Amani, H. H. Storey, ambaye alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi mdudu anavyobeba ugonjwa wa michirizi wa mahindi kutoka mmea hadi mmea, alishughulika na huo wa muhogo pia. Kuanzia 1937 wenzake wakaanza kuzalisha muhogo pamoja na ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira ambao watu wa pwani wanaujua. Mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo hakuwa chakula. Mizizi yake haikufaa kitu. Wakamrudisha kwa muhogo wa kawaida, tena na tena, mpaka wakapata mmea wenye mizizi mizuri na nguvu ya kukataa ugonjwa. Kazi hiyo iliwachukua miaka ishirini.

Sasa sikilizeni safari ya mbegu hiyo. Katika miaka ya 1950 ilipelekwa Nigeria. Mwaka 1967 ikaanzishwa taasisi ya kimataifa ya utafiti pale Ibadan, nayo ikachukua damu ile ya Amani na kuiendeleza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ikalipuka Uganda, watu wakaacha kabisa kupanda muhogo wilaya kwa wilaya. Miaka ya 1990 Uganda ikawapa wakulima aina mpya zilizotoka Ibadan, moja ikiwa ile waliyoiita Migyera. Kumbe mjukuu wa Usambara alikuwa amezunguka mpaka Afrika Magharibi na kurudi jirani na nyumbani baada ya miaka arobaini hivi.

Muguga na mwisho wa sotoka

Mwaka 1948 Waingereza waliunda shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, lililojulikana kama EAAFRO, na makao yake yakawa Muguga, karibu na Kikuyu. Kazi kubwa ya Amani ikahamia huko. Kando yake likawekwa shirika la pili la utafiti wa magonjwa ya mifugo, EAVRO. Mashirika haya mawili yalikuwa ya nchi tatu. Kilichogunduliwa Muguga kilikuwa cha Kisii, cha Moshi na cha Mbarara sawasawa.

Muguga walipata mtihani mapema. Mwaka 1952 kutu mpya ya mahindi, yenye asili ya Amerika, iliingia Afrika Mashariki baada ya kupiga Afrika Magharibi. Storey na wenzake walitafuta mbegu kutoka Amerika ya Kilatini, mahali ambapo mahindi na kutu hiyo wameishi pamoja tangu zamani, wakapata mahindi yenye nguvu ya kuipinga. Tukumbuke hili, maana litarudi tena mbele: dawa ya ugonjwa wa mahindi yetu ilikuwa ndani ya mahindi ya watu wengine.

Lakini jambo la Muguga ambalo tungependa kila mfugaji alijue ni la sotoka. Wale wenye ng'ombe wamesikia habari zake kutoka kwa babu. Katika miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka pembe ya Afrika, ikaua ng'ombe wengi sana kiasi kwamba jamii za wafugaji wa Bonde la Ufa zilibaki mikono mitupu. Njaa ikafuata, na ndui nayo ikapita. Wazungu walipofika na kuona mbuga tupu wakaandika kwamba ardhi haina watu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa ardhi iliyofiwa.

Chanjo za kwanza za sotoka zilikuwa na shida. Nyingine zilimlinda ng'ombe mmoja na kumwangusha mwingine, hasa wale wa damu ya kigeni. Hapo Muguga, mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari wa mifugo Mwingereza aitwaye Walter Plowright na wenzake walianza kukuza virusi vya sotoka ndani ya chembe za figo ya ndama kwenye chupa za maabara. Walivihamisha kutoka chupa hadi chupa, mara kumi, mara hamsini, karibu mara mia. Kila mara virusi vikazidi kupoteza ukali, mpaka vikawa havina nguvu ya kumgonjesha ng'ombe, lakini mwili wa ng'ombe ukiviona unajifunza kujikinga maisha yote. Chanjo hiyo ilikuwa rahisi kutengeneza na bei yake ndogo, na haikumdhuru ng'ombe wa aina yoyote.

Kuanzia 1962 nchi za Afrika zikaungana kuchanja, kutoka magharibi hadi huku mashariki, zaidi ya nchi ishirini kwa pamoja. Kampeni hiyo ilikwisha 1976, na watu wakadhani kazi imeisha. Nchi nyingi zikalegeza. Sotoka ikarudi katika miaka ya 1980 na kuua tena, maana palikuwa na sehemu ambazo hazikufikiwa: sehemu zenye vita, sehemu zisizo na barabara wala barafu ya kuhifadhia chanjo. Ilibidi ipatikane chanjo inayovumilia joto. Ikapatikana. Halafu ikabidi ipatikane mikono ya kuichanja, na mikono hiyo ilikuwa ya wafugaji wenyewe wa Karamoja, Sudan ya kusini na Afar kule Ethiopia, waliofundishwa kwa siku chache na kutumwa na jamii zao. Hao hawakuwa na diploma, lakini walimjua kila ng'ombe kwa jina.

Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa hapa Kenya, mwaka 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru. Mwaka 2011 ikatangazwa rasmi kuwa imekwisha duniani kote. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kumalizwa kabisa, wa kwanza ukiwa ndui ya binadamu. Plowright hakuishi kuuona mwaka huo, alifariki 2010. Mtu akikuuliza utafiti umeleta nini, unaweza kumwonyesha ng'ombe wako.

Kamba inakatika

Nchi zetu tatu zilipata uhuru zikiwa bado na mashirika ya pamoja: reli, posta, bandari, ndege, utafiti. Mwaka 1967 zikatia sahihi Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miaka kumi tu, 1977, ikavunjika. Sababu mnazijua, au wazee wanazijua: siasa tofauti, Amin kule Uganda, malalamiko kwamba Kenya inakula zaidi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mpaka 1983.

Watu walizungumza sana juu ya ndege na mabehewa, nani achukue yapi. Juu ya Muguga hawakuzungumza sana. Wataalamu wa nchi nyingine walirudi kwao, na Kenya ikabaki na majengo. Mwaka 1979 ikaundwa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya. Uganda na Tanzania nazo zikajenga zao, na kwa Uganda ilikuwa ni katikati ya vita. KARI ilifanya kazi nyingi nzuri, hatusemi vingine. Lakini magonjwa ya mimea hayana pasipoti. Upepo wa kutoka Uganda haukujua kwamba Jumuiya imevunjika, na vidudu wa Namanga hawakusimama kwenye kizuizi cha polisi.

Wataalamu wenyewe ndio walioanza kuifunga kamba tena, kidogo kidogo, zao kwa zao: wa viazi walianza mwaka 1982, wa maharagwe wakafuata. Ndipo mwaka 1994 nchi kumi, kuanzia Eritrea hadi Madagaska, zikaunda chama kimoja cha utafiti wa kilimo kiitwacho ASARECA, na ofisi yake ikawa Entebbe, Uganda. Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ilikuja baadaye, mkataba wake ukatiwa sahihi 1999. Kwa hivyo watu wa mbegu walirudiana kabla ya wanasiasa.

Kati ya 2010 na 2015 hivi kulikuwa na mpango mwingine, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wa kugawana kazi. Badala ya kila nchi kufanya kila kitu nusunusu, Uganda ikapewa muhogo, Tanzania mpunga, Ethiopia ngano, na Kenya ng'ombe wa maziwa. Kituo cha maziwa kikawekwa Naivasha. Wazo hilo sisi tunalipenda. Linafanana na vile vikundi vyetu hufanya: mmoja anaotesha miche, mwingine anachunga, mwingine anapeleka soko. Tatizo ni kwamba fedha zikiwa za mkopo au za mfadhili, zina tarehe ya kwisha. Ng'ombe hana tarehe. Utafiti wa kilimo unataka miaka ishirini kama ule wa muhogo, na mradi unatoa mitano.

Tuje sasa kwa vituo viwili vya majirani zetu.

Njoro: kutu iliyotoka Kabale

Kituo cha ngano cha Njoro kipo tangu 1927, na kabla yake Lord Delamere alikuwa amekwisha kupoteza ngano nyingi kwa kutu na kuajiri mtu wa kumtafutia mbegu bora. Kwa hiyo Njoro na kutu ni maadui wa zamani. Kutu ya shina hufanya bua la ngano lionekane kama limepakwa masizi mekundu. Mkono ukipita unarudi na vumbi. Vumbi hilo ndilo mbegu ya ugonjwa, na upepo huibeba mamia ya kilomita.

Baada ya miaka ya 1960 dunia ilidhani kutu ya shina imeshindwa, kwa sababu ngano mpya zilizosambazwa kutoka Mexico zilikuwa na kinga. Mwaka 1998 mtafiti wa Uganda akaona kwenye kituo kidogo cha Kalengyere, kusini-magharibi karibu na Kabale, ngano yenye kinga hiyo ikishikwa. Kutu hiyo ikapewa jina la Ug99. Miaka michache tu ikawa Kenya, mwaka 2003 ikawa Ethiopia, 2006 ikavuka bahari hadi Yemen, na 2007 ikagunduliwa Iran. Walipopima, wakakuta sehemu kubwa ya ngano inayolimwa duniani haina kinga dhidi yake.

Norman Borlaug, yule Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano, alikuwa na miaka zaidi ya tisini. Mwaka 2005 alikuja Kenya, akaona shamba la Njoro, akapiga kelele kwa kila serikali iliyomsikiliza. Kutokana na hapo Njoro ikawa mahali ambapo dunia huleta ngano yake kujaribiwa. Maelfu ya aina kutoka Asia, Amerika na Afrika hupandwa Njoro kila msimu, kutu inaachwa ile, na zile zinazobaki zimesimama ndizo zinazorudi makwao kuzalishwa. Ngano ya mkulima wa Nepal au Pakistan inaweza kuwa ilifanya mtihani wake hapo Njoro, mwendo wa matatu mbili kutoka hapa.

Wakulima wa Kenya nao walipata aina mpya, kama Robin na Eagle 10. Robin ilipendwa sana. Lakini kutu nayo ilibadilika, na ndani ya miaka michache kinga ya Robin ikawa imepenywa. Hili tunalisema ili mtu asidhani mbegu bora ni kitu cha kununua mara moja na kusahau. Ndiyo maana wale watu wa Njoro hawawezi kufunga ofisi na kwenda nyumbani.

Naivasha: mahindi yanayouguzwa makusudi

Wengi wenu si wakulima wa ngano. Mahindi ndiyo maisha. Basi hapa ndipo habari inapotugusa mfukoni na sufuriani.

Septemba 2011 wakulima wa Longisa kule Bomet waliona mahindi yao yakipata michirizi ya manjano kuanzia majani machanga ya juu. Kisha pembeni mwa majani pakakauka, moyo wa mmea ukafa, na mahindi yaliyobahatika kutoa yakatoa magunzi yenye punje kama meno ya mzee. Wenyeji waliuita koroito, yaani tauni. Wataalamu wa KARI walichukua majani hayo, na kwa kushirikiana na maabara za nje wakajua ni nini: virusi vya aina mbili vinavyouma pamoja. Kimoja kilikuwa huku zamani, na peke yake hakiuui mmea. Cha pili kilikuwa kigeni, kimejulikana Peru na Marekani tangu miaka ya 1970. Vikikutana ndani ya mmea mmoja, mmea huo umekwisha. Kwa kifupi ugonjwa huu huitwa MLN.

Mwaka 2012 ulikuwa umefika Narok na Naivasha. Kufikia 2014 ulikuwa umeingia Tanzania, Uganda, Rwanda, Kongo na Ethiopia. Watafiti waliozunguka vijiji vya Kenya mwaka 2013 walikadiria hasara ya tani nusu milioni, sawa na magunia zaidi ya milioni tano ya kilo 90. Hiyo ni kama gunia moja katika kila matano. Mahali pengine shamba zima lilikwenda. Serikali iliwaambia watu wa sehemu zilizoshikwa wasipande mahindi msimu mmoja, wapande viazi au mboga. Ni ushauri sahihi, na ni rahisi kuutoa ukiwa na mshahara. Mama anayetegemea gunia nne za mahindi kulisha watoto saba ataambiwa apumzishe shamba, ale nini?

Swali la kwanza lilikuwa: kati ya mbegu zote zinazouzwa, ipi itasimama? Njia ya kujua ni moja tu, kuzipanda zote penye ugonjwa. Ndipo Septemba 2013, KARI pamoja na CIMMYT, shirika la kimataifa la mahindi na ngano lenye makao yake Mexico, wakafungua shamba la majaribio ya MLN ndani ya kituo cha Naivasha, kwa msaada wa wakfu wa Bill na Melinda Gates na ule wa Syngenta. Kazi inavyofanyika ni hivi. Majani yenye ugonjwa husagwa, maji yake huchujwa, kisha hupuliziwa kwa pampu ya injini juu ya mahindi machanga ili pasiwe na hata mmoja aliyeponea kwa bahati. Baada ya hapo watu hupita mstari kwa mstari wakitoa alama. Nchi jirani na kampuni za mbegu, kubwa na ndogo, huleta mbegu zao humo.

Matokeo ya kwanza yalitisha. Karibu aina zote zilizokuwa madukani ziliugua. Ilibidi kutafuta mbali. Moja ya kinga zenye nguvu ilipatikana ndani ya mahindi ya Thailand. Mnakumbuka tulivyosema juu ya ile kutu ya 1952? Ni hadithi ileile. Kinga hizo ziliingizwa ndani ya mahindi yanayofaa mvua na baridi ya kwetu, na baada ya miaka michache Kenya, Uganda na Tanzania zikapitisha mahindi chotara yanayostahimili MLN. Ukienda dukani usiulize tu kifuko cha bei nafuu. Muulize mwenye duka ni aina gani inayostahimili MLN na inayofaa sehemu kavu kama hizi zetu. Asipojua, mwulize afisa wa kilimo.

Shambani kwetu

Ugonjwa huu haujaondoka kwa sababu tu tumeacha kuusikia redioni. Tofautisheni na njaa ya mbolea: mmea unaokosa mbolea huanza manjano kwenye majani ya chini, yaliyozeeka, rangi ikitokea ncha na kuingia katikati. MLN huanzia juu, kwenye majani machanga. Ukiuona, ng'oa mmea mzima, uutoe shambani. Magunzi yaliyooza yenye ukungu usimpe mtu wala mnyama.

Ugonjwa huhamishwa na vidudu wadogo sana, vidukari na vithiripi, wanaoruka kutoka mahindi ya leo kwenda mahindi ya kesho. Kwa hivyo kinachoudumisha hasa ni desturi yetu ya kuwa na mahindi shambani mwaka mzima. Wale wenye maji ya kumwagilia ndio wa kuangaliwa zaidi. Kijiji kizima kikikubaliana kukaa bila mahindi kwa miezi miwili au zaidi, na kupanda maharagwe, viazi au vitunguu, vidudu wanakosa pa kula na ugonjwa unapungua. Mtu mmoja akifanya hivyo peke yake na jirani anaendelea, ni bure. Hapa ndipo kikundi kinaweza kufanya ambalo wizara haiwezi. Kwa maharagwe ya zamu hiyo kuna aina kama Nyota, inayokomaa haraka na kuvumilia ukame, nayo pia ni tunda la watafiti wa nchi nyingi kufanya kazi pamoja.

Liko pia suala la kugawana mbegu, ambalo limezungumzwa sana huku Gilgil. Sheria ya mbegu, ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu isiyothibitishwa kuwa kosa la kufungwa. Mwaka 2022 wakulima 15 walikwenda mahakamani kuipinga, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Sisi tulifurahi. Nyanya zetu ndio waliokuwa benki ya mbegu kabla ya benki yoyote, na watafiti wenyewe wakikwama hurudi kutafuta kwa wakulima. Lakini tafadhali, mbegu ya mahindi kutoka shamba lililougua usimpe mtu hata akiwa dada yako, maana virusi huweza kusafiri ndani ya punje. Maharagwe, mtama, malenge, managu, hayo gawaneni.

Na ukinunua mbegu ya pakiti, angalia kibandiko cha KEPHIS. Kina sehemu ya kukwangua yenye namba, na ukiituma kwa ujumbe wa simu kwa 1393 unarudishiwa habari za mbegu hiyo. Pakiti isiyo na kibandiko mrudishie mwenye duka.

KARI siku hizi inaitwa KALRO, tangu ilipounganishwa na taasisi nyingine kwa sheria ya 2013. Vikundi vinavyotaka kutembelea Njoro au Naivasha viandike barua kwa mkurugenzi wa kituo mapema, vikitaja idadi ya watu na jambo wanalotaka kujifunza. Mkienda Naivasha msibebe jani wala hindi la kuonyesha, na viatu mlivyovaa kupalilia mahindi mviache nyumbani.